Gari Kabla ya Kumaliza Msiba

Mke wangu alikuwa anajua kununua vitu. Mimi nilikuwa najua kuvipenda tu.

Tukienda kununua baiskeli, mlango, mbuzi au hata sufuria, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mimi nasimama mbele ya kitu, nakigeuza, nakigusagusa, na uso wangu wote unaonyesha kwamba nakitaka. Yeye anasimama nyuma kidogo, amefunga mikono kifuani, anatazama pembeni kama mtu aliyeletwa kwa nguvu. Muuzaji akishataja bei, na mimi nikianza kutikisa kichwa kukubali, ananivuta shati na kusema, "Twende, mvua inakuja." Alikuwa anasema hivyo hata katikati ya kiangazi, vumbi limetufika magotini. Muuzaji anatazama juu, haoni wingu, anacheka. Akishacheka, bei nayo inaanza kushuka.

Hatukukaa chini kupanga mambo hayo. Yalikuja yenyewe tukiwa vijana Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, tulikokulia sisi wote wawili, na tuliporudi Burundi tukaendelea nayo. Mabati ya nyumba yetu ya Musinzira, hapa Gitega, tuliyanunua hivyo. Vitanda pia.

Mimi ni mwashi. Yeye alikuwa anauza maharage. Kwao ni Giteranyi, kaskazini kwenye mkoa wa Muyinga, karibu na mpaka. Alikuwa anakwenda huko, ananunua kwa wakulima, vijana wa baiskeli wanayafikisha magunia barabarani, halafu yeye anapanda lori pamoja nayo, juu kabisa, hadi Muyinga mjini, na kutoka Muyinga hadi Gitega. Jua lake, mvua yake. Akifika nyumbani anakaa kwenye ngazi kwanza, hawezi hata kuvua viatu, mgongo umekakamaa. Ndipo tukaanza kuweka pesa za gari. Hatukutaka gari la fahari. Tulitaka gari dogo la mtumba lenye nafasi nyuma, libebe magunia yake na ya wanawake wenzake, na yeye akae ndani, mbele, kwenye kiti kama mtu. Mimi nikaenda kujifunza udereva nikiwa na mvi tayari. Nilipopata leseni aliitazama picha, akasema nimetoa macho kama niliyeona nyoka chooni.

Haukupita muda mrefu akaanza kuumwa tumbo. Hospitalini hakukaa sana. Tulimzika hapa Gitega, mvua zikiwa kali. Binti yetu alivuka kutoka Tanzania, alikoolewa, akakaa nami kidogo, akarudi kwa watoto wake. Nikabaki na nyumba.

Kwetu msiba hauishi siku ya mazishi. Unakwenda nao mpaka siku ya kuganduka, siku ambayo familia inakusanyika na kusema sasa basi, mfiwa arudi kwenye maisha. Kwa kawaida unapita kama mwaka mzima kabla ya hapo. Katika muda huo mtu haoi, hafanyi sherehe, na jambo lolote kubwa linaloweza kungoja analiacha lingoje. Na kuganduka kwenyewe ni vinywaji. Wanakuja ndugu wa pande zote mbili, majirani, watu wa kanisani, watu wa kazini, na kila mmoja ni lazima awe na chupa mkononi. Nimeona watu wakiuza kipande cha shamba kwa ajili ya siku hiyo moja.

Siku moja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alinipigia simu kutoka Giteranyi.

"Shemeji, zile pesa za gari bado zipo?"

"Zipo."

"Vizuri. Usiziguse. Tutaganduka nazo. Watu waone kwamba dada yetu alikuwa mtu."

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda dada yake, na siku ya mazishi ilibidi ashikwe ili asianguke. Lakini nilipoweka simu chini nilikaa pale pale kwenye benchi muda mrefu. Niliziona zile pesa kama zilivyokuwa kweli: miaka ya mwanamke juu ya magunia. Niliona zikinywewa mchana mmoja, na jioni watu wakitafuta njia ya kurudi makwao wakiimba. Nikajua kwamba gari lisiponunuliwa kabla ya siku hiyo, halitanunuliwa tena.

Nikampigia nikamwambia wazi, kwa sababu kumficha nisingeweza. Nilisema nitanunua gari, litabeba mizigo ya wanawake wa maharage kama tulivyopanga, na kuganduka tutafanya kwa kile nitakachokipata kwenye ujenzi, kikiwa kidogo kitakuwa kidogo.

Kisha akasema, "Na nani atakusindikiza kulinunua? Mimi siendi sokoni kununua magari wakati dada yangu hajamaliza mwaka ardhini."

"Nitaenda peke yangu."

"Wewe?" alisema, na hapo nikasikia kwamba karibu acheke. Alikuwa ananijua.

Basi nikaanza kujiandaa. Watu hujiandaa kwa safari, kwa harusi, kwa kwenda mahakamani. Mimi nilijiandaa kununua gari la mtumba, na ilinichukua wiki nyingi.

Nilianza kwa fundi wa magari ambaye niliwahi kumjengea ukuta wa garaji yake, si mbali na nyumbani. Ni kijana wa familia ya Kiislamu, maneno mengi, mikono haikauki mafuta. Nilimwambia shida yangu.

"Mzee, we unataka gari ya nini? Ya kujionyesha ao ya kazi?"

"Ya kazi. Ya maharage."

"Maharage iko mazito. Basi rangi usiangalie. Rangi ni mambo ya wachumba."

Aliniambia nisimjulishe muuzaji saa nitakayofika. Nifike mapema, moteri, yaani injini, ikiwa bado imelala, na kabla ya salamu kuisha niweke mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, nijue wameiamsha mbele yangu ili isikohoe nikiwapo. "Moteri ya baridi haijui kudanganya," alisema. Nifungue kifuniko cha mahali pa kutilia oili. Nikiona kitu cheupe kama povu la maziwa, nifunge, nishukuru, nirudi nyumbani bila kuuliza bei. Nilale chini nitazame springi za nyuma, kwa sababu muuzaji huosha juu tu, chini haoshi. Nilinganishe namba ya shasi na ile ya kwenye karatasi za gari, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole, si kwa macho. Pesa nisitembee nazo kwenye basi, niziache benki, nizitoe huko huko Muyinga siku ya kulipa.

"Na esansi, hiyo petroli, uliza kabla ya kitu chochote. Mwambie bei iko pamoja na esansi ya kukufikisha Gitega. Siku hizi gari bila esansi ni banda ya kuku."

Jioni, nikitoka kwenye ujenzi, nilikuwa napita pale, ananifungulia maboneti ya magari ya watu. Nilizoea kugonga tofali kwa kidole na kusikia kama limeiva. Alinifundisha kusikia moteri namna hiyo. Anaiwasha, ananiuliza, "Hii iko na shida gani?" Mwanzoni nilikuwa nasema zote ni nzima. Baadaye nikaanza kusikia. Ile kazi ilinifaa, kwa sababu muda ninaosikiliza moteri sisikilizi kitu kingine.

Siku moja aliacha kufuta mikono, akanitazama.

"We utaenda na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu haendi kununua gari peke yake, mzee. Mmoja anaangalia gari, mwingine anaangalia muuzaji."

"Twende nawe, basi."

"Na gari hizi zinazonilia hapa nani atazinyamazisha?" Alifikiri kidogo. "Sikia. Mwambie ulifiwa. Mwambie mke alikufa. Watu wa kule wana huruma, atapunguza."

"Hapana."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo. Ndiyo maana sitaki."

Alitikisa kichwa, akarudi chini ya gari. Nadhani aliniona mtu mwenye kiburi. Sikuwa na kiburi. Niliona tu kwamba kifo cha mke wangu nisikiweke mezani pamoja na matairi.

Fundi huyo ndiye aliyesikia habari za mfanyabiashara wa vitambaa wa Muyinga aliyekuwa anauza gari lake dogo ili anunue kubwa. Aliniambia, na nikaona siku imekaribia. Kilichobaki ni kile nisichoweza kufundishwa garajini, yaani bei.

Jioni moja niliweka viti viwili sebuleni. Kimoja kikawa cha muuzaji. Nikataja bei kwa sauti ya muuzaji, nikahamia kiti changu, nikajibu, "Ni nyingi." Ilitoka kama ninaomba msamaha. Nikarudia. Nikamfanya muuzaji mkali, akanitukana kidogo, nikamjibu vizuri zaidi. Nikapata moto. Nikasimama nyuma ya kiti changu, mahali alipozoea kusimama mke wangu, na nikasema kwa sauti, "Twende, mvua inakuja."

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Nikabaki nimesimama, nimeshika mgongo wa kiti.

Kutoka ng'ambo ya ua jirani yangu, mama mmoja mwenye watoto wengi, akaita.

"Jirani! Umepata wageni?"

"Hapana, mama."

"Nasikia watu wanagombea bei humo ndani."

"Ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi tu."

Kisha akasema, "Haya. Ila punguza sauti, watoto huku wanasema baba wa pale anauza nyumba."

Kesho yake aliniletea sahani ya ndizi na maharage imefunikwa kwa sahani nyingine. Hakuuliza kitu. Aliiweka mezani, akavitazama vile viti viwili vinavyotazamana, akaondoka. Tangu siku hiyo nilifanya mazoezi kimya kimya, ndani ya kichwa, nikiwa napanga matofali. Kimya kimya nilikuwa hodari sana.

Nilikwenda Muyinga siku moja kabla, nikalala nyumba ya wageni ya bei ndogo nyuma ya soko ili niwahi ile moteri kabla haijaamka. Kwenye basi nilikaa dirishani. Njia ile sikuwa nimeipita tangu msiba. Karibu na Karuzi tulipishana na lori lililojaa magunia, na juu yake wanawake wamejifunika kanga hadi puani. Nikageuza uso, nikasoma matangazo yaliyobandikwa ndani ya basi mpaka nikayamaliza, nikaanza upya.

Alfajiri nilivaa nguo zangu za ujenzi, zile za kulala chini, nikaenda. Muuzaji alikuwa ametoka kuswali, mtu mnene kidogo mwenye kofia nyeupe, mswaki bado mkononi.

"Asubuhi yote hii! Karibu, baba. Hata chai haijachemka."

Nilisalimia, na mkono wangu ukaenda kwenye boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe.

"Unaipima homa?" akaniuliza.

"Naipima."

"Haya, daktari. Endelea."

Gari lilikuwa la Kijapani, la kijivu, lililokuja kwa njia ya Tanzania, usukani upande wa kulia. Niliuliza esansi. Alisema anayo kidogo kwenye bidoni moja ya plastiki nyumbani, tutaongea. Nilifungua kifuniko cha oili: nyeusi, safi, hakuna povu. Nilimwomba awashe, nikasikiliza. Ilikohoa mara moja, ikatulia. Kisha nikatandika gunia, nikalala chini na kuingiza kichwa.

Nilikaa huko muda. Nikasikia miguu ya muuzaji ikizunguka gari.

"Mzee, umelala kabisa?"

Mkewe alikuwa mlangoni, nilisikia sauti yake. "Mletee mto!"

Springi moja ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa na jani lililopasuka. Nililiona wazi, kutu imeingia kwenye ufa. Nilitoka, nikajipangusa, nikamwonyesha. Hakubisha. Alisema magari yote ya Muyinga yana springi zilizopasuka kwa sababu barabara zimepasuka. Akataja bei.

Nilisema, "Ni nyingi. Springi ni ya kubadilisha." Na ilitoka vizuri, kama ndani ya kichwa.

Alipunguza kidogo. Nikataja yangu. Akashika kichwa, akamwita mkewe aje aone mtu anayetaka kumvua nguo mchana kweupe. Mkewe akajibu kwamba hakuna anayetaka kumwona amevuliwa nguo. Tukaendelea. Alishuka kidogo tena, nikapanda kidogo, tukakaribiana. Nilikuwa nashangaa kwamba naweza. Ilibaki hatua moja, na kwa bei ile aliyofikia ningeweza kukubali bila kujilaumu.

Ndipo aliponitazama vizuri, akatazama na barabara nyuma yangu.

"Lakini mzee, we iko peke yako? Mwenzako iko wapi? Umemficha huko nyuma ya duka aje anishtukize?"

Alikuwa anatania. Ningeweza kucheka tu. Lakini niliulizwa swali, na nikalijibu.

"Sina mwenzangu. Niliyekuwa nanunua naye amefariki."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Pole, baba. Lini?"

"Mvua zilizopita."

"Bado hamjaganduka?"

"Bado."

Aliondoa mkono wake juu ya gari. Alisema kwa Kiarabu yale maneno wanayoyasema Waislamu mtu akifa, na midomo yake ikaendelea kusogea baada ya sauti kuisha. Kisha akataja bei nyingine. Ilikuwa chini sana, chini kuliko ile niliyoanza nayo mimi.

"Hapo nakushika mgongo," alisema.

Kushika mgongo ni desturi yetu sote Burundi, Mkristo na Mwislamu. Mtu akifiwa, unamwendea na kitu mkononi, ili asianguke kinyumenyume. Hakuna anayeikataa. Ukiikataa, ni kama unamwambia mtu kwamba mkono wake si msafi, kwamba labda yeye ndiye aliyekutakia mabaya.

Lakini mimi nilihisi shati langu limevutwa kwa nyuma. Kweli kabisa, nilihisi hivyo. Bei imeshuka, na aliyeishusha ni mke wangu, kama siku zote. Nikaona kwamba hata alipokufa bado ninamfanyisha kazi. Amebeba magunia miaka yote ile, na sasa namsimamisha hapa, kwenye ua wa watu asiowajua, anivutie bei.

"Rudisha bei," nilisema.

"Nini?"

"Irudishe pale ilipokuwa, kabla hujaniuliza. Springi ni springi, hiyo tulishapatana. Msiba wangu si springi."

Uso wake ukabadilika. "We unakataa mkono wangu? Mi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Nakupa kwa moyo, unanirudishia mbele ya mke wangu!"

"Najua unanipa kwa moyo."

"Basi chukua!"

"Siwezi."

Tulisimama pale kama watu wanaotaka kupigana, yeye analazimisha bei ya chini na mimi naitaka ya juu. Nilijua jinsi nilivyoonekana. Sikuwa na maneno mazuri ya kumweleza, na hata leo sina. Mkewe ndiye aliyeshuka ngazi, mikono inachuruzika maji ya vyombo.

"Na wewe nawe," akamwambia mumewe, "unamshika mtu mgongo juu ya boneti? Ndivyo mama yako alivyokufundisha? Uza gari yako kwanza. Uimalize. Halafu umkaribishe mtu ndani, akae, umpe pole kama watu."

Yeye akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Huyu ni mtu mgumu," akasema, kama anamshtakia mtu wa tatu asiyekuwapo.

"Mgumu, ndiyo. Muuzie."

Tulirudi kwenye bei ya mwisho kabla ya lile swali. Esansi ya kunifikisha Gitega ikawa ndani yake. Nililinganisha namba za shasi kwa kidole. Tulikwenda benki, tukaandikishana mkataba ofisini, tukagonga mihuri, tukangoja watu waliokwenda kunywa chai. Jua lilikuwa juu tuliporudi nyumbani kwake, naye njia nzima hakuniambia zaidi ya maneno machache. Nilidhani atanipa funguo na kuingia ndani.

Lakini alivua viatu mlangoni na kunishika kiwiko. Ndani mkewe alikuwa ametandika mkeka mpya na kuzima redio. Tuliketi. Hakuna aliyeongea kwa muda, kama inavyotakiwa mtu anapokuja kwenye msiba, unaketi kwanza, unauacha ukimya ufanye kazi yake. Nilikuwa nimezoea watu wa Musinzira kuketi nami hivyo zile siku za mwanzo, halafu wakaacha kuja, kwa sababu kila mtu ana kazi. Hawa walikuwa hawanijui kabla ya alfajiri ile, na waliketi vizuri.

Mama mwenye nyumba akaleta chai ya tangawizi na sambusa. Akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza hivyo. Gitega wote walimjua, hawakuwa na haja ya kuuliza. Nikajaribu kusema. Nikasema alikuwa anauza maharage, alikuwa anasafiri juu ya malori kupita hapa hapa Muyinga, labda waliwahi kumwona. Walitazamana. Hawakumbuki. Wanawake wa malori ni wengi, alisema mama, na alisema kwa huruma, lakini nikaona jinsi ilivyo: alipita mbele ya mlango huu miaka yote ile, na hakuna aliyemwona.

Nilipoinuka, muuzaji aliniwekea noti mkononi, zimekunjwa, kwa mikono yake yote miwili. Zilikuwa kidogo mno ukilinganisha na kile nilichokikataa. Nilizipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

Sisemi kwamba nilifanya vizuri. Baadaye nilipokwenda kununua springi nilifikiria ile bei ya chini, na nilijuta. Nilijuta zaidi ya mara moja.

Kabla ya kuondoka Muyinga nilimpigia shemeji.

"Nimenunua."

Nikasikia kuku wa kwake na mtu anayetwanga.

"Umeshanunua kabisa?"

"Kabisa."

"Haya," alisema. "Basi tutaganduka kwa maji."

Sikujua kama anatania. Hakukata simu mara moja, wala hakusema kitu kingine, na mimi pia. Mwishowe salio liliisha.

Nilitoka Muyinga mchana. Niliendesha kama nilivyofundishwa, mikono yote kwenye usukani, na gari lilikwenda vizuri, linatetemeka kidogo tu nyuma kushoto. Kwenye mlima wa kwanza mrefu nikalikuta lori la mkaa linapanda polepole, moshi mweusi. Nikataka kulipita. Ndipo nilipogundua jambo ambalo fundi hakuniambia, labda kwa sababu yeye haendeshi kamwe bila watu ndani. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wangu nao ulikuwa kulia. Kutoka kwenye kiti changu nilikuwa naona matako ya lori na majani ya ukingoni, basi. Barabara inayokuja sikuiona. Magari ya namna hii mtu huyaendesha akiwa na mwenzake kwenye kiti cha kushoto. Yeye ndiye anayeinama, anatazama mbele, anasema pita, au anasema ngoja.

Kwenye kile kiti palikuwa na mfuko wangu na sambusa ambazo yule mama alinifungia.

Nilijaribu mara moja. Nilisogeza gari kushoto kidogo, kidogo tena, na basi likatokea mbele yangu likipiga honi, nikarudi nyuma ya lori. Magari yakakusanyika nyuma yangu. Yakapiga honi, yakanipita, yakalipita na lori. Kijana mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mzee, kalale nyumbani!"

Nikapunguza mwendo, nikaacha nafasi kubwa kati yangu na lori ili moshi usinifikie, nikalifuata. Tulipita Karuzi hivyo. Kwenye miteremko liliongeza kasi na mimi nikaongeza, kwenye milima likakaribia kusimama na mimi vilevile. Tulivuka mto Ruvubu jua likishuka. Mara kwa mara niliona nafasi, barabara imenyooka, hakuna kinachokuja, na ningeweza kupita. Sikupita. Nyumbani hakukuwa na mtu aliyejua ningefika saa ngapi.